Bandari ya Mfalme Felipe, Safari ya Basi Moja kutoka Garissa

Katikati ya mwaka 1596 meli za Waingereza na Waholanzi ziliingia Cádiz, bandari kongwe ya kusini mwa Uhispania, zikaipora, zikaitia moto, kisha zikaondoka na mateka wa kukombolewa kwa fedha. Mwenye mji, Mfalme Felipe wa Pili, alikuwa na nguvu kuliko mtawala yeyote wa Ulaya ya siku zile, na bado hakuweza kuwazuia. Mwaka huohuo, mbali kabisa na moshi wa Cádiz, mafundi waliokuwa wakila mshahara wake walikuwa wanamalizia ngome ya mawe ya matumbawe kisiwani Mombasa, pale mkondo wa bahari unapoingia mjini. Ngome hiyo ndiyo Fort Jesus.

Shuleni tuliambiwa ngome ni ya Wareno, mjadala ukafungwa. Si uongo. Walioagiza msingi uchimbwe mwaka 1593 walikuwa watu wa Ureno, na makapteni walioishika walikuwa Wareno vilevile. Ila Ureno yenyewe ilikuwa imeanguka mikononi mwa Felipe tangu 1580, baada ya mfalme kijana Sebastião kufia vitani Moroko mwaka 1578 bila mtoto wa kumrithi, na ikabaki chini ya taji la Uhispania hadi 1640. Aliyechora ramani ya ngome, Giovanni Battista Cairati, alitoka Milan, mji ambao nao ulikuwa wa Felipe. Pembe moja ya ngome mpaka leo inaitwa San Felipe, jina lilelile la mfalme. Kwa hiyo anayetamani kuona bandari iliyojengewa boma na taji la Uhispania hahitaji viza ya Ulaya. Anahitaji tikiti ya basi na subira ya njiani.

Nayaandika haya nikiwafikiria jamaa zetu wa Kaskazini Mashariki, wa Garissa, Wajir na Mandera, ambao simu zao hazikosi picha za ndugu walioko ng'ambo: binamu amesimama kwenye uchochoro wa Málaga, shangazi anakula samaki wa kukaanga Cádiz, nyuma yao meli nyeupe ndefu kama mtaa mzima. Tunazitazama, tunasema mashallah, tunaendelea na shughuli zetu. Na shughuli hizo, mara nyingi, zinatupeleka Mombasa. Tunaenda hospitalini, tunaenda kuuza ng'ombe, tunaenda harusini Bondeni, tunaenda kufuata kontena bandarini Kilindini. Waulize watu kumi wa Garissa waliowahi kulala Mombasa kama wameingia Fort Jesus. Wengi watakujibu kwamba pale ni pa Wazungu.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Msafiri wa meli ya kitalii ana ufundi wake wa kutembea, na hauna ubaya wowote ukiigwa. Meli inafunga gati asubuhi, abiria wanateremka, na wanajua kwamba jioni ngazi itapandishwa. Cádiz inafaa sana kwa watu wenye saa chache, maana gati liko miguuni pa mji wa kale. Unatoka melini, unavuka barabara, umeshafika. Mji umekaa kwenye ulimi mwembamba wa ardhi uliozungukwa na maji karibu pande zote. Juu ya mapaa kuna minara zaidi ya mia moja, ambayo wafanyabiashara waliijenga ili waone kwa mbali meli zao zikirudi kutoka Amerika, hasa baada ya ofisi kuu ya biashara ya makoloni kuhamishwa kutoka Seville kuja Cádiz mwaka 1717. Mmoja wao, Torre Tavira, ulikuja kuwa mnara rasmi wa kulinda bandari. Mgeni anapanda ngazi, anaona bahari na mapaa meupe, anashuka, anapita sokoni, anakula, anarudi. Hana muda wa kujifanya mwenyeji. Amekuja kutazama, basi anatazama kwelikweli.

Kuna mtu mmoja aliyezitazama bandari za pande zote mbili, yetu na yao, kabla meli za namna hiyo hazijazaliwa. Ibn Battuta wa Tangier alipita pwani yetu mwaka 1331. Alianzia Mogadishu, akashangaa wingi wa ngamia wanaochinjwa kila siku, akapewa wali wa samli na ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na akaona jinsi wenyeji walivyopenda kula. Kisha akateremka na upepo hadi Mombasa. Pale alilala usiku mmoja tu, akaendelea na safari ya Kilwa. Usiku mmoja! Kwa lugha ya leo, Mombasa ilikuwa kituo cha njiani. Lakini usiku huo ulimtosha kuandika kwamba watu wa kisiwa walikuwa wacha Mungu, misikiti yao ilikuwa ya mbao iliyojengwa imara, chakula chao ndizi na samaki, na kwamba nafaka hawakulima: waliletewa kutoka bara. Karibu miaka ishirini baadaye, mwaka 1350, mtu huyohuyo alikuwa Málaga, wakati huo mji wa Waislamu wa Andalusi, akisifu zabibu zake, tini zake, na vyombo vyake vya udongo vilivyong'aa kama dhahabu.

Málaga ilitekwa na wafalme wa Kikristo mwaka 1487 baada ya kuzingirwa, na watu wake wengi wakauzwa utumwani. Mwaka 1505, miaka kumi na minane tu baadaye, kundi la meli za Ureno chini ya Francisco de Almeida liliichoma Mombasa. Watoto wetu wa madrasa wanalijua jina la Andalusi. Wanasimuliwa Granada na Córdoba hadi machozi. Mombasa hawaambiwi kama sehemu ya hadithi ileile, ilhali ni mabaharia wa rasi ileile, na ni wakati uleule.

Lakini nilichoshika katika maneno ya Ibn Battuta ni ile nafaka. Kisiwa hakijilishi. Bandari ni uso, bara ndiyo mgongo, na mgeni wa melini huuona uso tu. Mtu wa Garissa amezaliwa mgongoni. Anachokosa ni kuuona uso, na pengine kujua kwamba uso ule unamhusu.

Njia ya kutokea Garissa ni ya kuteremka na mto Tana. Unavuka daraja, unaiacha Madogo, na kuanzia hapo mto uko mkono wako wa kushoto ingawa kwa nadra utauona: Bura, Hola, Garsen, kisha Malindi, Kilifi na Mtwapa. Ni zaidi ya kilomita mia nne. Mvua zikiwa kali, kama mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024, sehemu za barabara hugeuka maji, na abiria wa Garissa hujikuta wakipanda boti bila kupenda, juu ya lami. Boti iliyopinduka kati ya Madogo na Garissa mwezi ule wa Aprili iliua watu, na kwa sababu hiyo sitatania zaidi kuhusu jambo hilo.

Kuna kitu kingine cha njiani ambacho msafiri wa Cádiz hakijui. Vizuizi. Basi linasimama, sauti inatoka mlangoni, watu wanatoa vipande, yaani vitambulisho. Mbele kidogo tena. Babu na baba zetu walikuwa na hali ya hatari iliyodumu hadi mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipangwa foleni kuchujwa, nani ni raia na nani si raia. Kwa hiyo mkono wa mtu wa huku unaingia mfukoni wenyewe kabla hajaambiwa. Abiria wa meli ya kitalii, ambaye hata Kiswahili hakijui, huteremka Kilindini na kadi ya meli shingoni na kupokewa kwa ngoma. Sisemi ngoma zisipigwe. Nasema tu kwamba nimeyaona yote mawili, na hesabu haikai sawa.

Usilale njia nzima. Mto huo uliwahi kuwa na meli yake. Mwaka 1891 boti ya mvuke iliyoitwa Kenia, mali ya kampuni ya Kiingereza ya Imperial British East Africa, ilipanda Tana chini ya Kapteni Dundas hadi Hameye, mbali juu ya mahali ambapo Garissa imekaa sasa. Mwaka uliofuata Dundas aliipeleka boti hiyohiyo kwenye mto Juba hadi Bardera. Huko, mwaka 1865, Mjerumani Karl Klaus von der Decken alikuwa amevunjikiwa na meli yake Welf, kisha akauawa. Ukingo wa magharibi wa Juba wakati wa Dundas ulikuwa upande wa Waingereza, na Kismayu ikaendelea kuwa bandari ya watu wetu chini ya serikali ya Nairobi mpaka 1925, Jubaland ilipokabidhiwa Waitalia. Wazee walioiita Kismayu mjini, na Mombasa mbali, hawakuwa na wazimu. Mpaka ulihamishwa, nao wakabaki bila bahari.

Basi tufike.

Fika asubuhi mapema, jua la Mombasa halijaanza ukorofi wake. Langoni mwa Fort Jesus kile kipande kilichokusumbua njia nzima kitakufaa kwa mara ya kwanza: raia analipa kidogo, mgeni wa nje analipa zaidi. Kitoe kwa madaha.

Kabla hujapita, inua macho. Juu ya lango kuna maandishi ya Kireno yaliyochongwa kwenye jiwe, na watu wengi, hata viongozi wa watalii wenye haraka, hupita chini yake. Yaliwekwa na kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, anayejitambulisha kwamba alipewa ukapteni mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Umri huo kwetu ni wa kijana anayehangaika na kazi ya kwanza. Yeye anajisifu kwamba ameirudisha pwani nzima chini ya taji la Mtukufu, naye Mtukufu wa mwaka huo alikuwa Felipe wa Nne wa Uhispania. Kisha anataja aliowatoza kodi na aliowaadhibu. Pate imo. Siyu imo. Na zimo Luziwa na Shaka, miji iliyokuwa karibu na mdomo wa Tana. Maji yaliyopita chini ya daraja la Garissa yameishia hukohuko. Ukisoma jiwe lile ukitokea upande wetu, ni kama kusikia jina la jirani likitajwa mahakamani.

Kilichomfanya kijana yule atambe hivyo ni kisa ambacho, kwa maoni yangu, ni kizito kuliko chochote utakachosimuliwa kwenye minara ya Cádiz. Mwanzoni mwa karne ya kumi na saba mtawala wa Mombasa, Hassan, alikosana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara na kuuawa huko mwaka 1614. Mwanawe mdogo, Yusuf, alipelekwa Goa nchini India. Mapadri Waaugustino wakamlea, akabatizwa Dom Jerónimo, akajifunza ubaharia kwenye meli za Kireno. Mwaka 1626 walimrudisha Mombasa kama mfalme wao, Mkristo, mwenye mavazi yao na lugha yao. Walidhani wamejitengenezea mtu.

Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa kwa mkono wake, akarudi kwenye Uislamu na jina la Yusuf bin Hassan. Waliofuata kuuawa hawakuwa askari pekee: waliuawa wanawake na watoto wa Kireno, na Waafrika waliobatizwa waliokataa kuacha dini yao mpya. Msomaji asinitake nimpambe awe shujaa mtupu. Wareno walileta meli kumng'oa mwaka 1632, wakashindwa, wakajiondokea. Halafu yeye mwenyewe, kwa sababu ambazo wanahistoria bado wanazijadili, aliibomoabomoa ngome, akapanda chombo na kuihama. Miaka yake ya mwisho aliishi kama mharamia, akafa mwaka 1638 huko Bahari ya Shamu. Cabreira alichokarabati ni magofu yaliyoachwa na mfalme aliyeikimbia ngome ambayo hakuna aliyeweza kumtoa.

Ndani, usikimbilie mizinga ya kupigia picha. Tafuta ukuta wenye michoro iliyofanywa kwa makaa na udongo mwekundu na watu wa zamu, wenye muda mwingi na kazi kidogo. Kuna meli, kuna samaki. Meli zimechorwa na mtu anayezijua, kamba kwa kamba, matanga yakiwa mahali pake. Samaki, hapana, samaki wanaonekana kama walichorwa na mtu mwenye njaa. Nilisimama pale muda mrefu kuliko kwenye chumba kingine chochote. Mfalme wao alikuwa hajawahi kuiona Mombasa wala hakuwa na nia hiyo, na wao walikuwa wamebandikwa juu ya mwamba huu, wakichora chombo cha kuwarudisha kwao.

Kwenye makumbusho kuna vitu vilivyotolewa majini: mabaki ya Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 ilipokuja kuwaokoa waliozingirwa na Waomani. Wazamiaji waliichimbua kati ya 1977 na 1980. Kuzingirwa kwenyewe kulianza Machi 1696 na kukaisha Desemba 1698, miezi thelathini na tatu, tauni ikiua watu wengi kuliko risasi. Ulipofika wakati ambapo kapteni wa Kireno amekufa na karibu askari wake wote wamekwisha, aliyeshika ngome alikuwa Bwana Daud wa Faza, mtu wa kisiwa cha Pate, Mswahili na Mwislamu, akiwalinda Wareno dhidi ya Waomani. Historia ya pwani haikubali kugawanywa timu mbili kama mpira wa mtaani. Hilo nalo ni la kumweleza mtoto anayepanda ngazi za ngome akiuliza sisi tulikuwa upande gani.

Ukitoka, ingia Mji wa Kale kwa miguu. Ndia Kuu ina milango ya nakshi na roshani za mbao, na Msikiti wa Mandhry, ambao huhesabiwa kuwa wa mwaka 1570, ulikuwepo kabla ya ngome. Teremka hadi bandari ya zamani, yale majahazi machache yaliyobaki yanapofunga. Pumzika kwa kahawa chungu kutoka kwenye dele, na kipande cha halwa. Kwa mtu aliyezoea chai ya maziwa ya ngamia, kahawa ile ni adhabu kwa kikombe cha kwanza; cha pili utakiomba mwenyewe. Mchana kula mbaazi na mahamri au viazi karai vya barabarani, utakuwa umetumia fedha kidogo kuliko mtalii anayepelekwa hotelini kwa basi lenye kiyoyozi. Marikiti ina viungo vya kila rangi. Nunua, lakini pigania bei, maana wauzaji wale humtambua mgeni hata akiwa amevaa kikoi.

Watalii wa meli utawakuta hukohuko ukienda msimu wa kaskazi, upepo uleule ulioleta majahazi ya Arabuni tangu zama. Meli nyingi za kitalii hupita pwani yetu kati ya Novemba na Aprili. Sehemu ya abiria hukimbizwa Tsavo Mashariki kuwaona ndovu na kurudishwa jioni. Waliobaki huzunguka mjini kwa makundi, kiongozi mbele na kibao chenye namba. Nilisimama nyuma ya kundi moja Ndia Kuu, nikasikiliza. Kiongozi aliwapa Vasco da Gama, akawapa Sultani wa Oman, akawapa Waingereza. Bara halikutajwa hata mara moja. Mzee mmoja wa Kizungu aliuliza watu wa mji huu wanapata wapi nyama, maana alikuwa ameona mabucha mengi. Kiongozi akasema kuna mashamba.

Nusura niinue mkono.

Maana nyama ile, kwa sehemu kubwa, ni sisi. Garissa ina mojawapo ya masoko makubwa ya mifugo katika ukanda huu, na malori yanayoteremka na barabara ya Tana hayabebi maboga. Na si nyama ya Mombasa peke yake. Kwa miaka mingi Kilindini imepakia ng'ombe hai kwenda Mauritius, wanyama waliokaa kwanza karantini Bachuma, karibu na Mackinnon Road. Ukitaka kusema kweli, ng'ombe wa Kaskazini wamesafiri kwa meli kuliko wenye ng'ombe.

Na hata kukoma na kurudi kwa meli za kitalii kunatuhusu kuliko tunavyokiri. Tarehe 5 Novemba 2005, meli ya starehe Seabourn Spirit ilikuwa njiani kuja Mombasa ilipovamiwa na maharamia kilomita zipatazo mia moja na sitini kutoka pwani ya Somalia. Walirusha makombora, moja likapenya kwenye chumba cha abiria. Meli ikapiga chenga, ikatumia mtambo wa sauti kali kuwafukuza, ikaelekea Shelisheli badala ya Mombasa. Miaka iliyofuata uharamia ulikithiri na kampuni za meli zikaiepuka njia yetu. Dereva wa teksi wa Mombasa alikosa dola, na muuza vinyago vilevile. Mwaka 2011 watalii walitekwa Kiwayu na Manda, wafanyakazi wa misaada wakatekwa Dadaab, na Oktoba jeshi la Kenya likavuka mpaka. Kiwayu na Dadaab, ufuo na kambi, viliingia kwenye sentensi moja ya taarifa ya habari. Serikali ilipotaka kuvieleza vita hivyo, ghafla iliona kwamba pwani na Kaskazini Mashariki ni nchi moja. Wakati wa kuuza utalii huwa inasahau.

Kuna matumaini yanayotajwa sana ya Lamu, ambako gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021, na barabara ya kuiunganisha na Garissa kupitia Ijara, iliyosuasua kwa sababu ya mashambulizi. Ikikamilika, bahari itakuwa karibu nasi kuliko ilivyokuwa tangu Kismayu iondoke. Siku hiyo nitaandika makala nyingine. Kwa sasa basi linapita Garsen.

Jioni, nikisubiri basi la kurudi, nilikaa na mfanyabiashara wa mifugo kutoka kwetu, mtu wa makamo mwenye ndevu za hina. Nikamwambia nimetoka ngomeni.

"Adeer, umelipa kuingia jela?" akaniuliza, akiniita ami kwa Kisomali. Hakukosea sana: Waingereza waliigeuza ngome kuwa gereza mwaka 1895, ikabaki hivyo hadi 1958, kabla ya kufunguliwa kama makumbusho mwaka 1960.

Nikamsimulia Yusuf bin Hassan, nikamsimulia miezi thelathini na tatu ya Waomani. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si la kawaida kwa mtu wa soko. Kisha akataka kujua walikuwa wanakula nini mle ndani muda wote huo.

"Mpaka mwisho walikuwa wanakufa tu, adeer," nikasema.

"Hapo mwanzo. Mifugo yao ilikuwa wapi? Nani aliwauzia?"

Sikuwa na jibu la maana. Akanieleza kwamba amekuja Mombasa tangu ujana wake, anayajua machinjio na mageti ya malori Kilindini, anajua ni mlango upi ng'ombe hupandia melini, na upande wanakoteremkia watalii hajawahi hata kuuona. Akachukua simu yake, akanitaka nimwonyeshe ngome iko barabara gani. Mwezi wa kumi na mbili shule zikifungwa, alisema, atawaleta wanawe watatu, lori likiteremka na mzigo wao watakaa mbele na dereva. Nikamwambia awabebee vyeti vya kuzaliwa ili walipe bei ya raia.

"Vyeti," akasema, akatikisa kichwa. "Hata kwa Wareno?"